UZI: Pemba ina ndege wake wanne, Unguja ina punju. Spishi mpya inazaliwaje hasa?

#1 Maalim_Wesha

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Swali la "spishi mpya hutokeaje" vijana wa kidato cha sita hulijibu kwa mstari mmoja: pakatokea kizuizi, makundi yakatengana, zikawa spishi mbili. Maksi zinapatikana, lakini kazi imerukwa. Baina ya "yakatengana" na "zikawa" ndipo mambo yenyewe yalipo, na uzi huu ni wa hapo katikati, kwa mifano ya kwetu.

Tuanze na neno. Mwanabiolojia Ernst Mayr, mwaka 1942, aliishika spishi kwa uzazi: ni makundi ya viumbe wanaozaana wao kwa wao porini na ambao uzazi wao umefungwa kwa makundi mengine. Sura haimo katika ufafanuzi huo. Ng'ombe wawili wasiofanana hata kidogo ni spishi moja. Mbu wawili usioweza kuwatofautisha kwa hadubini huenda ni mbili.

Sasa Pemba. Kisiwa kina ndege wanne wasiopatikana pengine popote: ninga wa Pemba (Treron pembaensis), chozi wa Pemba (Cinnyris pembae), kinengenenge wa Pemba (Zosterops vaughani) na bundi mdogo wa Pemba (Otus pembaensis). Ongeza popo mkubwa, Pteropus voeltzkowi, yule wa Kidike, huko huko Pemba. Unguja ni kubwa zaidi na ipo karibu zaidi na Mrima (pwani ya Bara), lakini haina ndege wake hata mmoja wa daraja hiyo. Kwa nini?

Jibu lipo chini ya maji. Mkondo wa Pemba, baina ya kisiwa hicho na Bara, unashuka mita 700 na zaidi. Wakati wa baridi kuu, miaka 20,000 hivi nyuma, bahari ilishuka kama mita 120, na mkondo huo ukabaki bahari. Baina ya Unguja na Bara maji ni ya kina kifupi, hayafiki hata mita 100, kwa hiyo palikuwa pakavu. Chui, paa na kima walipita kwa miguu. Unguja ilirudi kuwa kisiwa kiasi cha miaka 10,000 iliyopita tu.

---

#2 Msimamizi

Kabla hamjaenda mbali: hapa ni jukwaa la sayansi. Mjadala wa imani una jukwaa lake, na majibu ya aina hiyo yatahamishwa huko bila ya kufutwa. Endeleeni.

---

#3 Mtoto_wa_Micheweni

Maalim, umenichanganya. Ikiwa Unguja ni kisiwa cha jana, huyu kima punju anatoka wapi? Kila bango la msitu wa Jozani linasema hapatikani popote duniani ila Unguja. Miaka 10,000 imetosha kumtengeneza?

---

#4 BintiMakunduchi

Swali zuri, na watu wengi wanateleza papo hapo.

Haikutosha, na wala hakutengenezwa hapa. Punju (Piliocolobus kirkii) akilinganishwa vinasaba na mbega wekundu wa Bara, jamaa yake wa karibu ni yule wa Udzungwa (Piliocolobus gordonorum), na nasaba hizo mbili ziliachana laki kadhaa za miaka nyuma, kabla Unguja haijawa kisiwa kwa mara hii ya mwisho. Maana yake mababu wa punju walikuwa na eneo pana la pwani. Misitu ya Mrima ikapungua, wenzao wakatoweka, waliobaki ni waliokutwa upande huu maji yalipopanda.

Kwa hiyo kuna aina mbili za mnyama wa kisiwa na msizichanganye. Yupo aliyegeukia kisiwani, kama ndege wa Pemba, na yupo aliyebakia kisiwani. Paa nunga anakuonyesha hii ya pili ikiwa bado haijakamilika: yupo Unguja, na yupo pia kwenye misitu michache ya pwani ya Kenya. Akitoweka kule, bango lake litaandikwa kama la punju, na hakuna jeni hata moja itakayokuwa imebadilika.

---

#5 Mtoto_wa_Micheweni

Nimekupata. Sasa turudi kwa wale waliogeukia kisiwani. Chozi alifika Pemba, akaona mazingira mapya, akajibadilisha ili ayazoee. Ndivyo?

---

#6 Maalim_Wesha

Sivyo. Chozi hajibadilishi. Chozi aliyefika na mdomo wa urefu fulani hufa nao. Kinachobadilika ni hesabu ya jeni katika kundi, kizazi hadi kizazi, na hesabu hiyo husukumwa na mambo manne.

La kwanza ni waanzilishi. Ndege sita waliosukumwa na upepo hawabebi jeni zote za Mrima. Wamebeba gao lao tu, na huenda lina upogo.

La pili ni bahati nasibu ya uzazi. Katika kundi lenye wazazi N, kila kizazi hupoteza kwa wastani sehemu 1 kati ya 2N ya utofauti wake wa jeni. Wazazi wakiwa 10 ni asilimia 5 kwa kizazi. Baada ya vizazi 10 asilimia 40 imekwenda, na hakuna aliyechagua kitu. Wazazi wakiwa 1,000 utapoteza nusu ya asilimia moja tu kwa vizazi hivyo hivyo kumi. Ndiyo maana wale punju wachache waliohamishiwa msitu wa Ngezi miaka ya 1970 wasichukuliwe kuwa "spishi ya Pemba inayokuja". Kundi dogo namna ile huteketea kwa kuzaana ndugu kwa ndugu mapema kuliko kugeuka kitu kipya.

La tatu ni makosa ya kunakili DNA, ambayo hutokea pande zote mbili lakini hayawi yale yale.

La nne ni uteuzi asilia: katika tofauti zilizopo, zenye kumwezesha mwenyewe kuacha watoto wengi zaidi huzidi. Hili peke yake ndilo lenye mwelekeo. Hayo mawili ya mwanzo ni karata zilizochanganywa, na la tatu linaongeza karata mpya.

Yote manne yanategemea sharti moja, wageni wasiingie. Na sharti lenyewe ni gumu kuliko watu wanavyodhani. Kwa jeni zisizoguswa na uteuzi, mgeni mmoja tu anayezaa kila kizazi anatosha kuzuia makundi mawili yasiachane mbali, na haidhuru kundi ni la mia au la laki. Ndege mmoja. Ndiyo maana kilomita 50 za mkondo wa Pemba zina uzito kwa chozi, na hazina uzito kwa mwewe wa baharini.

---

#7 Kijana_wa_Darajani

Lakini mtajuaje kama chozi wa Pemba na wa Bara hawawezi kuzaana, na hawakutani? Au ni kukisia tu?

---

#8 BintiMakunduchi

Hapo ndipo ufafanuzi wa Mayr unapobana, kweli. Makundi yasiyokutana hayawezi kufanyiwa mtihani wa moja kwa moja. Watafiti wa ndege huwafanyia mtihani wa mlio, kwa sababu ndege wengi humjua mwenza kwa sauti kabla ya kumwona. Bundi ndiye mfano bora: huyu wa Pemba aliwahi kuhesabiwa kundi moja na wa Madagaska (Otus rutilus), na bundi wa jenasi hii wanafanana manyoya mpaka inachosha. Sauti ndiyo inayowapambanua. Wa Pemba hutoa "hu" moja, akanyamaza, akatoa nyingine.

Mtihani unakwenda hivi. Unatafuta madume 20 hivi wanaoshikilia maeneo yao, na maeneo yawe mbalimbali ili usije ukampima ndege mmoja mara mbili. Kila mmoja anachezewa sauti tatu kwa siku tofauti: ya kundi lake, ya kundi la ng'ambo, na ya ndege mwingine kabisa asiyemhusu. Dakika mbili za sauti, halafu tano za kimya, huku unaandika: amekaribia spika mpaka mita ngapi, baada ya sekunde ngapi, ameitika mara ngapi. Mpangilio wa sauti ubadilishwe kwa kila ndege. Akiijia mbio ya kwao na kuipuuza ya ng'ambo kama anavyoipuuza ya yule asiyemhusu, mlango wa utambuzi umeshafungwa.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni rekodi. Mtu anachukua sauti ya ndege mmoja wa ng'ambo, anaicheza kwa wote 20, halafu anasema amepima spishi. Amempima ndege yule mmoja, ambaye huenda alikuwa na mafua! Kila jaribio liwe na rekodi ya ndege wake, na sauti zote zisawazishwe ukubwa. Upepo nao si wa kudharau: kaskazi ikivuma kwa nguvu, ndege kutokuitika si ushahidi wa chochote.

---

#9 Kijana_wa_Darajani

Sawa. Swali la mwisho kwa leo: lazima pawe na bahari au mlima? Haiwezekani spishi mbili zikaachana wakati zinaishi mtaa mmoja?

---

#10 FundiMaabara

Nilikuwa nalisubiri hili. Mfano unakuuma usiku.

Anayeitwa "Anopheles gambiae" katika mabango ya malaria ni kundi la spishi pacha. Kwetu la kuangalia ni tatu: gambiae mwenyewe, arabiensis na merus. Wakishakomaa, hakuna fundi wa hadubini anayeweza kuwatenganisha kwa uhakika. Lakini merus hutaga kwenye maji ya chumvi: madimbwi ya nyuma ya mikoko, mashimo ya miamba ya matumbawe. Gambiae hutaga maji matamu yenye jua, hata kwenye alama ya kwato. Arabiensis yupo maji matamu pia, ila huvumilia ukavu zaidi, hunywa damu ya ng'ombe bila ya shida na huuma nje, kwa hiyo chandarua na dawa ya ukutani havimpati kama vinavyompata gambiae.

Habari ya maji ya chumvi ilijulikana kwenye pwani hii hii. Muirhead-Thomson alichapisha mwaka 1951 kazi juu ya mbu wa maji ya chumvi na wa maji matamu wa pwani ya Afrika Mashariki. Viluwiluwi vinavyotokana na mayai ya jike mmoja ukivitia kwenye mchanganyiko wenye maji mengi ya bahari, vya merus vinaendelea na maisha, vya wenzake vinakufa. Tofauti ipo mwishoni mwa utumbo: merus anaweza kuzipanga upya pampu za chumvi katika chembe za pale, wenzake hawawezi. Huo ni uteuzi asilia ulio wazi kabisa, jike akikosea dimbwi ameua kizazi chake.

Na wakipandana? Maabara wamewachanganya tangu zamani. Chotara wa kike wa gambiae na arabiensis huzaa. Wa kiume ni tasa. Hii ndiyo kanuni aliyoiandika Haldane mwaka 1922: katika machotara, jinsia inayoharibika kwanza ni ile yenye kromosomu za jinsia mbili zisizofanana. Kwa mbu hawa na kwa mamalia ni dume, X na Y. Kwa ndege na vipepeo ni jike.

Porini machotara hao ni nadra, chini ya mmoja kwa mia, maana kizuizi kikubwa kipo kabla ya mimba. Madume hukusanyika wakati wa magharibi kama kiwingu juu ya alama fulani, majike huingia mmoja mmoja, na jike kwa kawaida hupandwa mara moja tu maishani. Afrika Magharibi wamechunguza jozi ya gambiae na coluzzii, pacha mwingine wa kundi hili: mmoja kiwingu chake hukaa juu ya ardhi tupu, mwingine juu ya kitu chenye rangi ya kuachana na ardhi, kama rundo la kuni au mdomo wa kisima. Wanaishi kijiji kimoja, wametengwa na mita chache na uchaguzi wa mahali pa kukutania.

---

#11 Mtoto_wa_Micheweni

Fundi, sasa maabara mnawatenganishaje ikiwa hadubini imeshindwa?

---

#12 FundiMaabara

Kwa PCR (kurudufisha kipande cha DNA mpaka kionekane) ya Scott na wenzake ya mwaka 1993, na mpaka leo inatumika.

Kwanza hadubini ithibitishe kuwa ni wa kundi la gambiae kwa madoa ya miguu na mabawa, maana mbu wa kundi jingine hatatoa bendi (mstari wa DNA kwenye jeli) na utadhani mashine mbovu. Chukua mguu mmoja au miwili. Usichukue tumbo la aliyeshiba, damu huzuia kimeng'enya kufanya kazi. Mchanganyiko mmoja una praima (vipande vifupi vya DNA vya kuanzishia nakala) tano: moja ya wote na nne za spishi mbalimbali. Mizunguko 30, kila mmoja nyuzi 94, kisha 50, kisha 72, sekunde 30 kila hatua. Halafu jeli ya agarosi ya asilimia 2 hadi 2.5. Ukitumia ya asilimia 1 bendi zinakaa zimebanana na utaanza kubahatisha.

Usomaji, kwa urefu wa kipande cha DNA: jozi za besi 390 ni gambiae, 315 ni arabiensis, karibu 466 ni merus, 153 ni quadriannulatus, spishi nyingine ya kundi hilo.

Ukiona 390 na 315 kwa pamoja, usikimbilie kuandika chotara. Mara nyingi ni mguu wa mbu wa jirani ulioanguka kwenye kijichupa. Miguu ya mbu waliokauka inakatika kwa kupumuliwa tu. Rudia kwa mguu mwingine wa mbu yule yule, na pawe na kijichupa kisicho na DNA cha kukagua uchafu. Kijichupa hicho kikitoa bendi, tupa yote uanze upya.

Na kuna mtego wanaousahau hata wenye shahada. Kipande hiki cha DNA, kwa gambiae na arabiensis, kipo kwenye kromosomu X. Chotara dume ana X moja, ya mama yake. Kwa hiyo ataonyesha bendi moja safi, ya mama, na utamwandika spishi kamili. PCR hii inakamata machotara majike tu.

---

#13 BintiMakunduchi

Hiyo X ina kisa chake. Jenomu nzima za kundi hili zilipolinganishwa (matokeo yalitoka 2015), ilionekana jeni nyingi za kromosomu nyingine zimevuka baina ya arabiensis na gambiae kupitia majike machotara, lakini X imekataa kuvuka. Yaani mlango haufungwi wote kwa siku moja. Sehemu za jenomu zinazosababisha utasa hufungwa mapema, nyingine zinaendelea kupitisha miaka mingi.

---

#14 Mtoto_wa_Micheweni

Kinachonishinda ni huo utasa. Uteuzi asilia unapendelea wanaozaa. Utajengaje kitu kinachozuia kuzaa?

---

#15 Maalim_Wesha

Hauujengi. Unatokea pembeni, na waliolitatua vizuri ni wanajenetiki Dobzhansky na Muller, miaka ya 1930 na mwanzoni mwa 1940.

Chukua jeni mbili zinazofanya kazi pamoja, tuziite A na B. Babu wa wote ana A na B. Upande wa kisiwani, A inabadilika kuwa A2. Imejaribiwa pamoja na B kila siku kisiwani na inafanya kazi. Isingefanya, mwenyewe asingeacha watoto. Upande wa Bara, A imebaki, B imekuwa B2, nayo imejaribiwa pamoja na A. Hakuna upande uliopita kwenye hatua ya utasa. Siku wakikutana, chotara anapata A2 na B2 katika mwili mmoja, na hizo mbili hazijawahi kufanya kazi pamoja popote duniani. Huenda zikaelewana. Huenda protini moja ikashindwa kushikana na nyingine, mbegu za kiume zisikomae.

Sasa hesabu. Mabadiliko yakiwa 10 kwa jumla, jozi zinazoweza kugombana ni 45. Yakiwa 20 ni 190. Mabadiliko yameongezeka mara mbili, magomvi zaidi ya mara nne. Kwa hiyo makundi huonekana yanazaana vizuri muda mrefu, halafu mlango unajifunga kwa kasi.

Na machotara wakishakuwa hasara, ndipo uteuzi unaposhika kazi waziwazi. Jike asiyekosea mwenza huacha wajukuu wengi kuliko anayekosea, na tabia ya kuchagua inakuwa kali pale makundi mawili yanapopakana.

---

#16 Kijana_wa_Darajani

Kama nyumbu basi! Farasi na punda.

---

#17 FundiMaabara

Nyumbu ni jirani wa hilo. Farasi ana kromosomu 64, punda 62, nyumbu 63. Wakati wa kutengeneza mbegu, kromosomu zinatakiwa zipangane mbili mbili, na za farasi na punda zinahangaika kupatana. Mbu chotara hana tatizo la hesabu, kromosomu ni sita kwa wote. Utasa ule ule, sababu tofauti.

Mimea ina njia ya mkato hapo. Chotara tasa akirudufisha kromosomu zote kwa bahati, kila moja inapata pacha wake, na uzazi unarudi, ila hawezi tena kuzaana na wazazi wake. Spishi imezaliwa ndani ya kizazi kimoja au viwili. Ngano ya chapati imepitia hapo zaidi ya mara moja: ina kromosomu 42, seti sita za saba saba. Ndizi zetu nyingi zina seti tatu, 33, ambazo hazigawiki sawa, ndiyo maana hazina mbegu na zinaendelezwa kwa machipukizi. Hiyo si spishi mpya. Ni tasa aliyepata mtunzaji.

---

#18 Mkerewe_Ugenini

Naomba niingie kutoka ziwani. Samaki furu wa Ziwa Victoria ni mamia ya spishi, na nyingi zimetokea ndani ya miaka 15,000 hivi, kwa sababu ziwa lilikauka wakati ule.

Jozi maarufu ipo ghuba ya Mwanza. Pundamilia pundamilia dume ni wa buluu na huishi maji ya juu; Pundamilia nyererei, aliyepewa jina la Mwalimu, dume ni mwekundu na huishi chini zaidi. Katika maji yale mwanga unaofika chini una wekundu mwingi, na jeni ya macho inayopokea wekundu imetofautiana baina yao. Jike wa chini anamwona vizuri mwekundu, na huyo ndiye anayemchagua. Machotara wao wanazaa bila ya tatizo, utasa haupo kabisa. Kinachowatenga ni macho.

Kwa hiyo kizuizi chao kinavunjika kirahisi. Seehausen na wenzake walionyesha mwaka 1997 kuwa majike wakiwekwa chini ya taa ya rangi moja wanaacha kuchagua. Na ziwani ndivyo inavyotokea: mbolea na maji taka yakichafua maji, mwanga unabanwa, na mahali penye tope utakuta madume wa rangi za katikati. Spishi mbili zinarudi kuwa moja. Utasa kama wa mbu haurudi nyuma namna hiyo.

---

#19 Kijana_wa_Darajani

Wallahi leo nimejifunza. La mwisho kabisa, naapa: kunguru waliojaa mjini waliletwa kutoka Bara Hindi mwishoni mwa karne ya 19. Watakuwa "kunguru wa Zanzibar"?

---

#20 BintiMakunduchi

Kwa sasa Corvus splendens ni yule yule. Muda ni karne moja na kitu. Waanzilishi wachache wanaweza kumpa upogo wa jeni ambao ukimpima utauona, na hiyo ni tofauti ya hesabu tu. Pia kunguru huyu husafiri juu ya meli, ndivyo alivyoenea bandari nyingi za Bahari ya Hindi, kwa hiyo sharti la Maalim la mgeni mmoja kwa kizazi huenda linavunjwa bandarini kila mara. Ukitaka kufuatilia, chukua manyoya yaliyoanguka chini ya viota, yenye shina zima, maana DNA ipo kwenye ncha iliyokuwa ndani ya ngozi. Tia kila unyoya kwenye bahasha yake ya karatasi. Ukitia kwenye plastiki, kwa unyevu wa hapa Mjini, ndani ya wiki una ukungu badala ya kunguru.